Kutoka moli hadi atomu: kuhesabu mazuku

Kwetu Goma, mtoto hulijua neno mazuku kabla hajajua kusoma. Ni hewa ukaa inayotoka ardhini karibu na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ikajikusanya mabondeni. Haionekani kwa macho. Mbuzi akiingia humo huenda asitoke. Mdogo wangu, anayesoma kemia kwa Kifaransa, aliniletea swali: katika gramu 88 za gesi hiyo (CO₂) kuna atomu ngapi? Alikuwa amejibu 1,204 × 10²⁴. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili, kosa lilijitokeza lenyewe.

Tufuate hatua moja moja.

1. Gramu kuwa moli. Kaboni ni 12, oksijeni ni 16. Moli moja ya CO₂ ni 12 + (2 × 16) = gramu 44. Basi 88 ÷ 44 = moli 2.

2. Moli kuwa molekuli. Moli ni jina la idadi tu, kama dazeni. Dazeni ni 12. Moli ni 6,022 × 10²³, idadi ya Avogadro. Basi 2 × 6,022 × 10²³ = molekuli 1,204 × 10²⁴. Mdogo wangu aliishia hapa.

3. Molekuli kuwa atomu. Tuchukue chukudu: ubao mmoja, magurudumu mawili. Chukudu 12 zina mbao 12 na magurudumu 24, jumla vipande 36. Molekuli ya CO₂ nayo ina kaboni moja na oksijeni mbili. Basi 3 × 1,204 × 10²⁴ = atomu 3,61 × 10²⁴, ambazo theluthi mbili ni za oksijeni.

Sasa turudi kwenye isimu. Tukisema «moli 2 za oksijeni», tunahesabu nini? Zikiwa atomu (O), ni atomu 1,204 × 10²⁴. Zikiwa molekuli (O₂), atomu ni mara mbili ya hizo. Kiungo «za» hakisemi ni chembe ipi, na Kifaransa nacho kina utata huohuo katika «de». Kwa hiyo napendekeza tutaje chembe kila mara: «moli 2 za molekuli za oksijeni». Neno moja likiongezwa, kosa linazuiwa.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini mama zetu hutukataza kuteremka mabondeni. Mwaka 1811 Avogadro alipendekeza kwamba gesi zenye ujazo, joto na shinikizo sawa zina molekuli sawa kwa idadi. Moli ya hewa ya kawaida ni karibu gramu 29. Ya hewa ukaa ni 44. Kwa ujazo uleule, mazuku ni nzito mara moja na nusu, ndiyo maana hukaa chini, hasa upepo ukitulia. Aliye mfupi, mbuzi au mtoto, ndiye huivuta kwanza.