Nitoe nini, na pesa hakuna?

Swali: Baba Mchungaji, mume wangu ni mchimbaji katika mgodi wa Mashamba, hapa Kolwezi. Kuna wiki anarudi na pesa, kuna wiki anarudi na vumbi tu. Kanisani tunaambiwa tutoe, na jirani mjane anabisha hodi kila jioni. Nianzie wapi?

Jibu: Mama, anzia mlangoni kwako. Yakobo, sura ya 2, anamkemea anayemuaga mwenye njaa kwa maneno mazuri bila kumpa chakula. Sahani ya bukari na sombe ni sadaka kamili (mhazini wetu hatapenda nikisema hivi). Lakini usikope ili utoe, na upatane na mumeo kwanza.

Tena, kutoa si chakula peke yake. Sista Catherine Mutindi, Mkenya wa Shirika la Mchungaji Mwema, alianzisha kazi Kolwezi kati ya familia za wachimbaji: watoto waliotoka migodini wakapata masomo, kina mama wakafunzwa kazi, watu wakarudi kulima. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Opus kwa kazi hiyo.

Nawe vivyo hivyo: kama una shamba, mkatie huyo jirani yako mjane matuta mawili kabla mvua hazijaanza, na umpe mbegu.