Akikwambia Kinachosha, Muulize Alianzia Wapi

Mtu akikwambia kwamba kitabu cha michoro cha The Coldest City kinachosha, usimbishie wala usimwamini bado. Muulize kwanza alikijuaje. Wengi hukifikia wakitokea kwenye filamu ya Atomic Blonde ya mwaka 2017, ile ambayo Charlize Theron anapigana ngazini na wanaume mmoja baada ya mwingine, huku filamu nzima ikiwaka taa za rangi na kuvuma muziki wa miaka ya themanini. Kisha wanafungua kitabu kilichoizaa na kukuta kurasa nyeusi na nyeupe, watu wa makoti wakizungumza na kuzungumza tena. Ngumi ni za kuhesabu. Hasira yao ni ya kweli, ila wanakidai kitabu deni la filamu. Toleo lililotoka msimu wa filamu lilibandikwa hata jina lake, kwa hiyo hawana makosa sana.

Kitabu kiliandikwa na Antony Johnston, kikachorwa na Sam Hart, na Oni Press ya Marekani ikakichapisha mwaka 2012. Kisa kiko Berlin, Novemba 1989, Ukuta ukiwa mbioni kuanguka. Ofisa wa MI6, shirika la ujasusi la Uingereza, ameuawa, na orodha inayodaiwa kuwa na majina ya majasusi wote wa mji huo, wa pande zote, haikukutwa mwilini mwake. Lorraine Broughton anatumwa kuitafuta. Tunayapata haya yote akiwa amesharudi London, anahojiwa na wakubwa wake. Hayo mahojiano yaweke akilini.

Basi kabla ya kuyapima maoni, mpime msemaji. Aliyekulia kwenye vitabu vya Elvis Musiba, akamfuata Willy Gamba tangu Kufa na Kupona, anataka jasusi anayeingia, anayepiga na anayeondoka na ushindi. Aliyezoea riwaya za kijasusi za John le Carré atavumilia sura nzima ya watu wanaodanganyana kwa adabu, tena atafurahi. Wakisoma kitabu kimoja, mmoja atakisifu na mwingine atakitupa, na wote watakuwa wamesema kweli. Mtafute anayependa unavyopenda wewe, umsikilize huyo hata kama ni peke yake.

Halafu angalia kama ameutaja mchoro. Hapa ndipo maoni mengi yanapopwaya. Mtu anakusimulia kisa mwanzo hadi mwisho, anasifu mazungumzo, analaumu mwisho, na hasemi neno hata moja juu ya kalamu ya mchoraji. Huyo amesoma nusu ya kitabu. Katika hadithi ya majasusi iliyochorwa, siri hukaa kwenye picha: nani amesimama nyuma ya nani, mkono wa nani hauonekani, nani anatazama mlango wakati wenzake wanatazama meza. Hart anatumia wino mzito, vivuli vipana na sura za mistari michache. Lawama utakayokutana nayo ni kwamba wanaume wake wanafanana, msomaji anapotea.

Usiichukue lawama hiyo kama hukumu. Igeuze iwe maelezo. “Sura zinafanana” maana yake utasoma polepole, utarudi nyuma na utalazimika kushika majina. Kama unasoma kwenye daladala huku umesimama, hiyo ni sababu tosha ya kukiacha. Mimi naona kasoro hiyo ni ya kweli, ingawa si kubwa kama inavyosemwa. Hadithi ambayo hakuna anayejua mwenzake yuko upande gani inastahili giza kidogo, lakini giza likifika mahali nashindwa kujua anayezungumza ni yupi, hapo mwandishi hajanificha kitu, ni mchoraji tu aliyeniacha njiani.

Ukipata nakala mkononi, fanya jaribio dogo. Fungua kurasa chache za katikati, usisome viputo vya maneno, tazama visanduku tu. Ukiweza kusema nani anamwogopa nani, nunua.

Kwa mfululizo, hakikisha maoni ni ya juzuu ipi. Queen & Country cha Greg Rucka kilianza mwaka 2001 na kikapata tuzo ya Eisner ya mfululizo mpya bora mwaka 2002, lakini visa vyake vimechorwa na watu tofauti. Anayesema “michoro mibaya” bila kutaja juzuu hajakusaidia. Vivyo hivyo The Coldest Winter cha mwaka 2016, kinachotangulia kisa cha Lorraine: mchoraji ni Steven Perkins, si Hart.

Zamu yako ya kutoa maoni ikifika, soma mara mbili. Mara ya kwanza simama katikati, uandike kwenye karatasi unamshuku nani na ni kisanduku gani kilichokutia shaka. Usifute baadaye. Mara ya pili rudi kwenye yale mahojiano ya London: kwa kuwa Berlin tunaiona kupitia maelezo ya Lorraine mbele ya wakubwa wake, jiulize ni wapi picha inashuhudia jambo, na ni wapi una neno lake tu. Maoni yanayotoka kwenye zoezi hilo yana uzito kuliko nyota tano zisizo na maelezo.

Na kwenye kundi la WhatsApp, usimwage mchele kwenye kuku wengi. Nusu ya kwanza ijadili utakavyo. Ukitaka kuzungumzia mwisho, taja namba ya ukurasa peke yake. Waliosoma wataufungua, wasiosoma hawataambulia kitu. Hata sentensi kama “subiri uone mwisho wake” iache. Mwenzako ataanza kumshuku kila mtu tangu ukurasa wa kwanza, na mshangao aliopangiwa na Johnston utakuwa umeuondoa wewe.