Kibarua Bila Barua: Lugha ya Matangazo ya Vibarua Mtandaoni na Usalama wa Mtafuta Kazi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya matangazo madogomadogo ya vibarua yanayowekwa mtandaoni nchini Kenya, kwa kuongozwa na Kanuni ya Ushirikiano ya H. P. Grice (1975). Hoja kuu ni kwamba tangazo la ulaghai hujifichua zaidi kwa yale linayoyanyamazia kuliko kwa yale linayoyasema, na kwamba anayejua kusoma kimya hicho hupata maswali ya kujikinga nayo. Hali kadhalika, makala yanaonyesha mahali ambapo uchanganuzi wa matini hufikia kikomo.

1.0 Utangulizi

Neno kibarua lina historia inayostahili kukumbukwa. Kimofolojia, limeundwa kwa kiambishi ki- cha udogo na shina barua. Kibarua kilikuwa kikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa, naye akakirudisha wakati wa kupokea ujira wake. Baadaye jina la kikaratasi likahamia kwa mfanyakazi mwenyewe, kisha kwa kazi aliyoifanya. Yaani, katika asili yake neno hili lilibeba ushahidi wa maandishi kwamba fulani alifanya kazi na anastahili kulipwa.

Siku hizi mwanafunzi anayetafuta kibarua cha likizo hukitafuta kwa rununu: kufua, kufunza watoto nyumbani, kupaka rangi, kufungasha bidhaa, kuandaa ukumbi wa harusi. Tangazo huwa na mistari mitatu au minne, na barua iliyolipa neno jina lake haipo tena. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua mikataba ya mdomo na ya maandishi, lakini hudai maandishi pale kazi inapofikia miezi mitatu au zaidi. Kibarua cha siku tatu hakifikii kipimo hicho. Kwa hivyo, tangazo na jumbe fupi zinazolifuata mara nyingi ndizo hati pekee alizo nazo mtafuta kazi. Kuzisoma kwa makini si anasa ya kitaaluma.

2.0 Msingi wa Nadharia

Grice anaeleza kwamba wazungumzaji hushirikiana kwa kuzingatia kaida nne. Kaida ya wingi humtaka mzungumzaji atoe habari za kutosha, zisipungue wala kuzidi. Kaida ya ubora humtaka aseme kweli. Kaida ya uhusiano humtaka aseme yanayohusu jambo lililopo. Kaida ya namna humtaka aseme kwa uwazi na utaratibu. Msomaji wa tangazo huanza kwa kudhani kwamba kaida hizi zimefuatwa. Pengo analoliona hulijaza mwenyewe kwa nia njema. Mlaghai hutegemea nia njema hiyo. Hahitaji kusema uongo mwingi, kwa kuwa msomaji mwenye shida humsaidia kuutunga.

3.0 Uchanganuzi wa Matini

Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya uchanganuzi, kwa kufuata ruwaza za kawaida za matangazo ya aina hii.

(1) Watu 20 wanahitajika haraka! Kazi rahisi ya kufungasha bidhaa. Tajriba haihitajiki. Sh. 3,500 kwa siku. Nafasi ni chache. Tuma jina na nambari ya kitambulisho sasa.

(2) Hongera! Umechaguliwa. Tuma Sh. 850 za usajili na sare kabla ya saa nane mchana. Pesa zitarudishwa ukianza kazi.

(3) Fundi wa kupaka rangi anahitajika kwa siku tatu, nyumba ya vyumba viwili, Ngara. Rangi ipo, fundi aje na brashi zake. Sh. 1,200 kwa siku, kila jioni. Piga simu, uje uione kazi kwanza Jumamosi mchana.

3.1 Kauli za kutendwa na kutendeka na mtenda aliyefichwa

Kitenzi wanahitajika kiko katika kauli ya kutendeka, navyo umechaguliwa na zitarudishwa viko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Itakuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba kauli hizi pekee ni dalili ya ulaghai. Mfano (3) nao una anahitajika, kwa sababu huo ndio mtindo wa sajili ya matangazo. Tofauti ni kwamba katika (3) mtenda anaweza kupatikana: yuko Ngara, ana nyumba ya vyumba viwili, atakuwepo Jumamosi. Katika (1) na (2) hakuna njia ya kumfikia. Nani amemchagua mwombaji? Nani atarudisha pesa? Sarufi haijibu, na mwenye tangazo hakukusudia ijibu.

Kitenzi umechaguliwa kina dhanatangulizi pia. Anayechaguliwa huwa amelinganishwa na wengine kwa kigezo fulani. Mwombaji aliyetuma jina na nambari tu hakulinganishwa na yeyote kwa lolote. Pongezi isiyo na mashindano ni jambo la kutiliwa shaka.

3.2 Wingi na ubora

Katika (3), karibu kila neno linahusu kazi: ni ya nani, ni kubwa kiasi gani, vifaa ni vya nani, malipo ni lini. Katika (1), kazi imepewa kirai kimoja, nayo nafasi iliyobaki imejaa mvuto. Bidhaa gani? Wapi? Saa ngapi? Aidha, malipo ya kazi isiyohitaji tajriba yanakaribia mara tatu ya ujira wa fundi katika (3). Malipo makubwa kwa kazi isiyoelezwa ni ukiukaji wa kaida mbili kwa pamoja.

3.3 Kiambishi -ki- cha masharti

Sentensi Pesa zitarudishwa ukianza kazi ndiyo yenye ujanja mkubwa zaidi. Kiambishi -ki- kinaifunga ahadi kwenye sharti. Sharti lisipotimia, ahadi haijavunjwa. Mwombaji ambaye hataanza kazi kamwe, kwa kuwa hakuna kazi, hawezi hata kulalamika kwamba alidanganywa katika sentensi hiyo. Vilevile, ada yenyewe inakiuka kaida ya uhusiano: anayetafuta ujira anageuzwa kuwa mlipaji kabla ya kuonyeshwa kazi.

3.4 Haraka, udugu na methali

Maneno haraka, sasa na kabla ya saa nane hayaelezi kazi. Yanamnyima msomaji muda wa kumuuliza mwenzake. Mazungumzo yakiendelea, mlaghai huongeza lugha ya udugu na dua, na mwombaji akisita huambiwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali iliyokusudiwa kuhimiza bidii hutumiwa kuhalalisha wizi. Hapa adabu humponza kijana: amelelewa kutomhoji mkubwa aliyemwita mwanangu.

4.0 Mipaka ya Uchanganuzi

Je, tangazo lenye maelezo kamili ni salama? Tukio la jimbo la Ohio, Marekani, linajibu la. Mwaka 2011, Richard Beasley alitumia tangazo la mtandaoni la kazi ya kutunza shamba, lililotaja malipo ya kila wiki na makao ya bure. Shamba hilo halikuwa lake. Wanaume watatu walioahidiwa kazi hiyo waliuawa. Wa nne alipigwa risasi, akatoroka na kutoa habari. Beasley alihukumiwa kifo mwaka 2013, na kijana aliyemsaidia alikuwa amekwisha kupewa kifungo cha maisha.

Tangazo hilo lisingeshindwa katika kaida ya wingi. Hila yake ilikuwa nje ya matini: wanaume walioitwa walihitaji kazi na makao, nao walipelekwa mahali pa faragha ambapo hakuna wa kuwaona. Funzo ni kwamba uchanganuzi huzalisha maswali, ila majibu yake sharti yathibitishwe nje ya maandishi.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na uchanganuzi huu, mtafuta kibarua anashauriwa:

(i) Aulize kwa maandishi: nani, kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani na lini. Majibu ayahifadhi, hayo ndiyo kibarua chake.

(ii) Asilipe chochote ili apate kazi, wala asitoe nambari ya siri ya pesa za rununu au picha ya kitambulisho kwa asiyemjua.

(iii) Akutane na mwajiri mara ya kwanza mchana, mahali penye watu, ikiwezekana akiwa na mwenzake.

(iv) Amwachie mtu anayemwamini jina na nambari ya mwajiri, mahali anapokwenda na saa atakayopiga simu. Mahali pakibadilishwa ghafla, asiende.

(v) Wakala akidai kuwa na leseni, athibitishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

(vi) Akilaghaiwa, apige ripoti polisi akiwa na jumbe zake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inauadhibu ulaghai wa aina hii.

Pendekezo la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi, kwa sababu ya aibu. Aliyepoteza Sh. 850 huambiwa kwamba tamaa ilimtangulia. Aghalabu haikuwa tamaa. Ilikuwa kodi ya chumba au chakula cha juma zima. Jamii inapomcheka mwathiriwa, humnyamazisha, na kimya chake humwandalia mlaghai mwombaji mwingine.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kauli ya kutendwa, kiambishi cha masharti na kaida za mazungumzo si mada za mtihani pekee. Ni vyombo ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuvitumia kujilinda, na kumsomea ndugu au jirani asiyevijua. Mfanyakazi wa zamani alipewa kikaratasi chake bila kukiomba. Wa leo hana budi kukidai kwa maswali, na mwajiri mwema hatachukizwa nayo. Kuuliza si ujinga.