SOMO: Pesa ya sekta inapita wapi, na nani anaiangalia?

Ndugu wakulima, mama na baba wa kooperativi za Kasongo na Kabambare,

Katika mikutano ya wanachama ulizo moja linarudi kila mara: «Tunalipa takisi sokoni, tunalipa kwenye bariere, lakini barabara ya kutolea mpunga inarudi kuwa majani. Makuta yetu inaenda wapi?» Ni ulizo la haki. Lakini likiulizwa hivyo tu, hakuna mtu mwenye kulazimika kulijibu. Leo tujifunze kuliuliza kusudi lipate jibu: kwa nani, wakati gani, na kwa karatasi gani mkononi.

Jambo hili ni la haraka ju ya sababu moja. Mradi unaweza kutengeneza barabara ya mashamba, lakini mradi una mwisho. Siku unapofunga, watu wa kamati ya kutunza barabara (CLER) watahitaji koleo, toroka na malipo yao. Kama kazi yao haiko katika bajeti ya sekta, mvua mbili tatu zinatosha kuharibu kazi ya miaka.

1. Teritware na sekta si kitu kimoja

Wengi wanapeleka maulizo ya pesa kwa administrateur wa teritware. Yeye ni mkubwa, shurti tumheshimu, lakini teritware ni ofisi ya kuwakilisha Leta. Zenye kuwa na mfuko wao, bajeti yao na takisi zao ni sekta na chefferie, na pia ville na commune. Ndivyo inavyosema sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Kwa hiyo ukiuliza habari ya soko, daraja dogo au barabara ya ndani ya sekta, anza kwa chefu wa sekta.

2. Pesa inaingia kwa milango mitatu

Mlango wa kwanza ni takisi za hapa kwetu: soko na nyingine zenye kuruhusiwa na sheria. Hapo kila anayelipa ana haki ya kupewa kitansi. Malipo yasiyo na kitansi hayaonekani katika hesabu yoyote.

Mlango wa pili ni retrosesio. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema fungu la majimbo ni 40% ya mapato ya kitaifa, na linapaswa kubakizwa palepale pesa inapokusanywa. Kiisha, sheria ya 2008 inasema 40% ya fungu la jimbo ni ya sekta, chefferie, commune na ville zake. Tupige hesabu: katika kila franga 100, 40 ni za majimbo, na katika zile 40, 16 zinapaswa kushuka hadi chini. Kugawa kati ya sekta na sekta kunafuata uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Tukumbuke neno hilo «uzalishaji»: mazao yetu yanahesabika.

Ile ni sheria. Kwa matendo, kubakiza palepale hakufanyiki. Pesa inapanda kwanza Kinshasa, inarudi Kindu kwa kuchelewa na bila kutimia, na sekta iko mwisho wa mstari.

Mlango wa tatu ni madini, nao unagusa zaidi Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaweka redevance ya 3,5% juu ya dhahabu ya kampuni. Inagawiwa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% sekta au chefferie yenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Mfano: dhahabu ya dola 1.000.000 ikiuzwa, redevance ni dola 35.000. Jimbo linapata 8.750, sekta 5.250. Tena fungu la sekta linalipwa moja kwa moja kwenye akaunti yake, halipaswi kuzunguka kwanza Kinshasa.

3. Bajeti ni ahadi, bado si pesa

Kila mwaka sekta inaandika bajeti, na bajeti hiyo inaingizwa ndani ya ile ya jimbo. Hapa ndipo wengi tunapotea. Tunasikia «bajeti ya barabara ni milioni kadhaa» na tunafikiri pesa iko ndani ya kasha. Hapana. Shurti kuangalia namba tatu: kilichopangwa, kilichoingia, kilichotumika.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Sekta ilipanga franga 20.000.000, na 5.000.000 kati yake ni za barabara. Mwisho wa mwaka zimeingia 6.000.000, ni kusema 30%. Barabara haikupata kitu. Nani aulizwe?

– Kama retrosesio haikufika, ulizo ni la jimbo na Kinshasa. Kumlaumu chefu wa sekta peke yake si haki.
– Kama zile milioni sita ziliingia na zote zikaenda kwa mishahara na safari, ulizo ni la sekta: kwa nini barabara ilikuwa ya mwisho?
– Kama kila mwaka sekta inapanga milioni ishirini na kupata sita, basi mpango wenyewe haufai. Bajeti ya namna hiyo inafurahisha karatasi tu. Afadhali kupanga milioni saba za kweli, na barabara ipate moja ya hakika.

Barabara ni mbovu mara zote tatu, lakini makosa ni tofauti, na wa kujibu ni watu tofauti.

4. Nani ana haki ya kuwauliza wakubwa?

Sheria inataka kila sekta iwe na conseil ya sekta, watu waliochaguliwa kupitisha bajeti na kumwuliza chefu. Uchaguzi wa conseil hizo bado haujafanyika. Macho ya karibu yaliyochaguliwa ni wabunge wa jimbo, wale tuliowapigia kura kwa teritware tarehe 20 Desemba 2023. Wanakaa Kindu, katika Assemblée provinciale.

Wabunge hao wanapitisha bajeti ya jimbo, na mwaka ukiisha wanapokea hesabu ya matumizi, inayoitwa reddition des comptes. Kazi ya kuchambua namba inafanywa na kamati ya uchumi na fedha, watu wanaiita Ecofin. Sheria inawapa wabunge vyombo: ulizo la maandishi, ulizo la mdomo, interpellation ya waziri wa jimbo, kumwita mtu ajieleze mbele ya kamati, na tume ya uchunguzi. Juu yao iko Cour des comptes, ambayo Katiba inaipa kukagua hesabu za Leta, za majimbo na za sekta.

Majirani zetu wa Tanzania wana kamati ya bunge kwa kazi hii peke yake, ya hesabu za serikali za mitaa. Mkaguzi mkuu anakagua kila halmashauri, kiisha wakurugenzi wanaitwa mbele ya wabunge kujibu hoja moja moja. Kinachoipa kamati nguvu ni ripoti yenye namba. Kwetu pia ni hivyohivyo: mbunge asiye na namba atapiga kelele, na waziri atajibu kwa kelele. Namba za chini kabisa, za sokoni na za bariere, ziko mikononi mwetu.

5. Kooperativi ifanye nini

a) Fungueni daftari la takisi. Kila mwanachama aandikishe tarehe, mahali, kiasi, sababu, na kama alipewa kitansi. Kitansi zikae kwa mwandishi wa kooperativi. Angalisho: mbele ya bariere ya watu wenye silaha, msibishane ju ya karatasi. Piteni salama, mtaandika mkifika.

b) Mwombeni chefu wa sekta, kwa barua ya heshima, namba tatu za mwaka uliopita: kilichopangwa, kilichoingia, kilichotumika kwa barabara na soko. Mbaki na kopi yenye tarehe na sahihi ya mwenye kupokea.

c) Pelekeni mahitaji yenu kabla bajeti haijafungwa. Kikao cha bunge la jimbo cha mwezi wa tisa ndicho cha bajeti. Kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba ndio wakati wa kwenda kwa sekta. Mwezi wa kumi na mbili mtakuta chungu kimekwisha kupakuliwa.

d) Ombeni kitu kimoja chenye kipimo. Usiseme «tunataka barabara». Sema: «Daraja lile limevunjika, linahitaji mbao kadhaa, na magunia kadhaa ya mpunga yalibaki ng'ambo msimu huu.»

e) Jibu likikosa, andikieni wabunge wa teritware yenu, wa vyama vyote, na kopi kwa kamati ya Ecofin. Barua ya kooperativi tano ina uzito kupita ya moja.

Katika haya yote tusimtukane mtu wala kumwita mwizi. Tunauliza hesabu. Mwenye kuwa na hesabu safi atafurahi kuionyesha.

Maulizo ya kujadiliana katika vikundi

– Mwezi uliopita wanachama wetu walilipa franga ngapi za takisi? Ngapi zilikuwa na kitansi?
– Kazi ya CLER wa barabara yetu iko katika bajeti ya sekta? Nani ameiona kwa macho?
– Tukiomba kitu kimoja tu mwaka huu, kitakuwa nini, na kitatuokolea magunia mangapi?
– Wabunge wetu wa jimbo ni nani, na nani kati yetu atawapelekea barua?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano unaofuata, kila kikundi kichague mtu mmoja wa daftari. Aje na ukurasa wa kwanza uliojaa, na tuusome pamoja kwa sauti.