HASIRA UWANJANI: INATUSAIDIA AU INATUHARIBU?

Somo kwa vijana, wazazi na vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: Hesabu 20:1-13 na 20:22-29, 1 Samweli 25, Marko 3:1-5



Vijana wetu wanapenda mpira, na sisi wazazi tunafurahi kuwaona wakicheza. Iwe Bwera, iwe Kasese mjini, iwe kwa ndugu zetu waliopelekwa Rwamwanja na Kyaka II, jioni ikifika utakuta kiwanja kimejaa. Kijana anayefukuza mpira hana nafasi ya kufukuza mambo mabaya. Lakini kuna neno ambalo vijana wanalisema mara nyingi, na inafaa kanisa lilijibu. Wanasema: "Mchungaji, mchezaji asiye na hasira hashindi. Ukiwa mpole sana watakukanyaga." Je, ni kweli? Tulichunguze neno hili pamoja, kwa mambo yaliyotokea uwanjani na kwa Neno la Mungu.

1. Hasira ina nguvu, tusikatae

Mungu aliuumba mwili kwa hekima. Mtu akikasirika, mwili unatoa adrenalini. Moyo unapiga mbio, pumzi inaongezeka, damu inakwenda kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, na maumivu hayasikiki sana. Ndiyo maana mchezaji aliyechokozwa anaweza kukimbia zaidi na kuruka juu zaidi kuliko alivyofanya dakika tano zilizopita.

Mfano mmoja ni Roy Keane, aliyekuwa kapteni wa Manchester United, mtu mkali sana. Tarehe 21 Aprili 1999 walicheza na Juventus huko Turin, wakafungwa mabao 2 kabla ya dakika 12 kwisha. Keane alifunga bao kwa kichwa. Baadaye kidogo akapewa kadi ya njano, akajua kwamba hata wakishinda, yeye hatacheza fainali. Hakumtukana refa wala kulipiza kisasi kwa mtu. Aliendelea kucheza kwa nguvu zote, na timu yake ikashinda 3-2. Uchungu wote aliokuwa nao aliupeleka kwenye kazi.

Lakini Keane huyo huyo, miaka 2 baadaye, tarehe 21 Aprili 2001, alimkanyaga goti Alf-Inge Haaland kwa kisasi cha zamani. Akapewa kadi nyekundu, akafungiwa mechi 3. Alipoeleza katika kitabu chake kwamba alikusudia, mwaka 2002 akafungiwa mechi 5 tena na kutozwa faini ya pauni 150,000. Moto ule ule ulikuwa ndani yake siku zote mbili. Moto ukikaa ndani ya mbabula unaivisha maharagwe. Ukitoka na kushika turubai, nyumba inakwisha.

2. Miguu inapata nguvu, macho yanapofuka

Mpira si kukimbia na kuruka tu. Kuna kutoa pasi, kuona mwenzako aliye peke yake, kupiga penalti, na golikipa kujua ni wakati gani atoke. Kazi hizi zinataka macho mapana na akili iliyotulia. Mtu aliyekasirika macho yake yanabana. Haoni kiwanja chote, anamwona yule mmoja aliyemuudhi. Kwa hiyo hasira kidogo inaweza kumwamsha mchezaji aliyelala, lakini ikizidi inamwibia kile kinachofunga mabao.

Wapinzani wanajua jambo hili vizuri. Wazee wa pwani wana methali: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mkizi anaruka kwa hasira mpaka anaangukia ndani ya chombo cha mvuvi, na mvuvi anampata bila jasho. Tarehe 9 Julai 2006, katika fainali ya Kombe la Dunia huko Berlin, Zinedine Zidane wa Ufaransa alikuwa mkizi siku hiyo. Alikuwa amekwisha kufunga penalti, na ilikuwa mechi yake ya mwisho. Matokeo yalikuwa 1-1. Marco Materazzi wa Italia akamwambia maneno mabaya yaliyomgusa dada yake. Dakika ya 110 Zidane akampiga kichwa kifuani, akatolewa. Zilipofika penalti, mpigaji hodari kuliko wote wa Ufaransa hakuwapo. Italia walishinda penalti 5-3. Neno la Materazzi lilikuwa ovu, na hasira ya kumtetea dada inaeleweka. Lakini nani alifurahi mwisho wa siku? Mvuvi.

3. Mmoja anapiga, mwingine anatolewa

Sasa tuje nyumbani kwetu. Mwaka 1974 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Miezi michache kabla, huko Misri, Zaire walichukua Kombe la Mataifa ya Afrika, na mshambuliaji Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Mpaka leo hakuna aliyefunga zaidi ya hapo katika Kombe la Afrika moja.

Huko Ujerumani mambo yalikuwa magumu. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba walisikia posho zao hazitafika, na kidogo wakatae kucheza. Kwa hiyo waliingia uwanjani na uchungu wa haki kabisa. Tarehe 18 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Yugoslavia waliwafunga mabao 4 ndani ya dakika 22. Wachezaji wa Zaire wakamzunguka refa wakilalamika juu ya bao la nne, na mmoja wao akampiga refa teke kwa nyuma. Refa akageuka na kumtoa Ndaye Mulamba. Lakini Ndaye hakupiga. Baadaye ilijulikana kwamba aliyepiga ni Mwepu Ilunga, mlinzi wao.

Angalieni hesabu yake. Zaire walibaki wachezaji 10, bila mfungaji wao bora, wakafungwa 9-0. Ndaye hakucheza mechi iliyofuata na Brazil. Mwepu aliicheza. Teke lile halikurudisha bao hata moja, wala halikuleta posho.

Na Ndaye ni ndugu yetu kwa namna nyingine pia. Katika miaka ya 1990 alivamiwa nyumbani kwake na watu wenye silaha, akajeruhiwa, akakimbilia Afrika Kusini na kuishi huko kama mkimbizi. Mwaka 1998 ilitangazwa kwa makosa kwamba amekufa, na watu wakasimama kimya kumkumbuka kwenye Kombe la Afrika, naye alikuwa hai. Alifariki kweli mwaka 2019. Mtu huyu alijua maana ya kuhesabiwa kosa ambalo hakulifanya.

4. Musa alipiga, na maji yakatoka

Tufungue Hesabu 20. Miriamu amekufa na kuzikwa huko Kadeshi. Musa na Haruni wana msiba wa dada yao. Papo hapo maji hakuna, na watu wanakuja kugombana nao. Mungu anamwambia Musa aseme na mwamba. Musa anawaita watu waasi, anainua fimbo na kuupiga mwamba mara mbili.

Hapa tusome polepole, maana vijana watauliza: "Je, hakufaulu?" Ndiyo, maji yalitoka, tena mengi. Watu wakanywa na mifugo pia. Aliyesimama mbali angesema hasira ya Musa imefanya kazi. Lakini Mungu akahukumu kwamba Musa na Haruni hawataliingiza kusanyiko katika nchi ile. Kumbe unaweza kupata maji ya leo na kupoteza nchi ya kesho. Mchezaji anaweza kumtisha beki kwa ukali wake na kufunga bao Jumamosi hii, halafu mwisho wa mwaka hakuna kocha anayemtaka.

Mtazameni tena Haruni. Maandiko hayasemi kwamba alishika fimbo. Hayasemi pia kwamba aliushika mkono wa ndugu yake. Alikuwa pale, na alihesabiwa pamoja naye. Katika mlima Hori alivuliwa mavazi yake, akafa kabla ya kufika.

5. Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Mwenyeji akimpiga refa, watu watamtaja kwa jina lake. Kijana wetu akimpiga refa, kesho watasema: "Wakimbizi wamempiga refa." Mama anayeuza mboga katika soko la Mpondwe ataulizwa habari ya mechi ambayo hakuiona. Baba anayetafuta kibarua shambani ataambiwa kazi imekwisha. Mtoto ataitwa jina baya shuleni. Hao wote ni Ndaye. Hawakupiga, lakini wametolewa.

Sisi wenyewe pia hatuna usafi katika hili. Mwenyeji mmoja akitukosea, tunasema "hawa watu ndivyo walivyo". Kumbe Mnande wa Beni na Mukonzo wa Bwera wanaelewana kwa lugha, na wamekuwa wakioana tangu zamani. Kiwanja kingepaswa kuwa mahali pa kuonyesha undugu huo. Kikigeuka mahali pa kutukanana kabila, mawe yatafuata, na baada ya mawe tunajua sote kinachofuata. Ndicho tulichokikimbia.

Wazazi, neno kwenu. Vijana wengi walio na hasira fupi hawakuzaliwa hivyo. Wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuona. Kama Musa, wana kaburi jipya moyoni na kiu mbele yao. Filimbi ya refa si sababu ya hasira yao, imegusa tu kidonda cha zamani. Kijana wa namna hiyo msimwite mwana wa shetani. Kaeni naye, mwacheni aseme, ombeni pamoja naye. Asipolia nyumbani atapiga mtu uwanjani.

6. Bwana Yesu naye alikasirika

Katika Marko 3 Bwana Yesu aliwatazama watu kwa hasira ndani ya sinagogi, akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Halafu alifanya nini? Hakumpiga mtu. Alimwambia mwenye mkono uliopooza aunyoshe, na mkono ukapona. Hapo tuna jibu la swali letu. Kukasirika peke yake si dhambi. Swali ni hili: hasira yako imeuacha mkono wa nani mzima, na wa nani umeuvunja? Hasira ikikutuma ukimbie zaidi, umkabe mpinzani kihalali, umwinue mwenzako aliyeanguka, inakusaidia. Ikikutuma kwa mtu, imekwisha kukushinda.

7. Tufanye nini?

Kila timu iwe na Abigaili wake. Katika 1 Samweli 25 Daudi, naye akiwa mkimbizi porini, alifunga upanga na kuondoka na watu 400 kwenda kuiangamiza nyumba ya Nabali kwa sababu ya tusi. Mwanamke mmoja alitoka mbio na mikate na kondoo, akainama mbele yake, akamkumbusha kesho yake. Daudi akamshukuru Mungu kwa kuzuiwa. Basi timu ichague mapema ni nani atamshika ndugu kabla refa hajatoa kadi.

Kapteni peke yake aseme na refa. Hata kwenye Kombe la Ulaya la mwaka 2024 walitumia utaratibu huo. Kama Zaire wangefanya hivyo mwaka 1974, Ndaye asingekuwa karibu na teke lile.

Ukichokozwa, ondoka hatua kumi, pumua pole, tazama goli la wapinzani. Acha yule mvuvi akae na chombo chake kitupu.

Makocha, mtoeni mapema mchezaji ambaye macho yake yamebana. Kumpumzisha si kumwaibisha.

Watazamaji, sisi wazee na akina mama, tusipige kelele za kumtia kijana petroli halafu tumlaumu akiwaka.

Maswali ya kujadili katika vikundi
1. Musa alikuwa mpole kuliko watu wote (Hesabu 12:3). Ni mambo gani yaliyomchosha mpaka akapiga mwamba?
2. Katika familia yako, ni nani aliyelipa gharama ya hasira ya mwingine?
3. Haruni na Abigaili wote walikuwa karibu na mtu mwenye hasira. Tofauti yao ni nini? Wewe ni yupi?
4. Ni jambo gani moja tunaweza kufanya na vijana wenyeji kabla ya mechi ijayo?

Tuombe: Baba wa mbinguni, unajua uchungu tulioubeba tukivuka mpaka. Usituache tuutue juu ya vichwa vya wengine. Wape vijana wetu miguu yenye nguvu na macho yanayoona mbali, na utupe neema ya kushikana mikono kabla ya kuumizana. Katika jina la Yesu, Amina.