Somo: Inzi mgeni anayeozesha maembe yetu



Embe linaonekana zuri kwa nje, lakini ukilipasua unakuta limejaa funza. Hapo wengi wanasema: "Ule muti ni mugonjwa, tuukate tu." Ngojeni kwanza. Mti hauna ugonjwa. Adui ni inzi wa matunda, na kukata mti hakumuui.

1. Anatoka wapi?

Inzi huyu ni mgeni, asili yake ni Asia. Hapa Afrika alionekana mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2003. Kwa miaka michache akaenea nchi nyingi, na Kongo yetu pia. Anasafiri ndani ya matunda yenye funza tunayobeba kutoka soko moja mpaka lingine. Ana rangi ya kahawia, na mistari miwili ya manjano mgongoni. Mtu anaweza kufikiri ni nyigu mdogo.

2. Anaharibu namna gani?

Jike anatoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani. Funza wanatoka, wanakula nyama ya tunda, tunda linaoza na kuanguka. Kisha funza anaingia udongoni, anajifunika ganda gumu, na baada ya siku chache anatoka akiwa inzi mpya. Yote hayo ni karibu mwezi mmoja tu, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake.

Haishii kwenye embe. Anaingia mapera, mapapai, machungwa, avoka, hata matunda ya pori. Anafukuza pia inzi wa matunda wa kienyeji na kuchukua nafasi yao.

Ukikata mwembe, inzi anahamia kwenye mapera ya jirani. Wewe umepoteza kivuli, majani yanayolisha udongo, na mizizi inayoshika ardhi ya mlima wakati wa mvua.

3. Tufanye nini?

- Okoteni matunda yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa juma. Msiyaache chini ya mti, wala msiyatupe kwenye shimo la mbolea.
- Yatieni ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, fungeni vizuri, wekeni juani kwa juma moja. Joto linaua funza. Kama hakuna mfuko, chimbeni shimo la nusu mita, muyafukie.
- Vuneni maembe yakiwa yamekomaa, mbele ya kuiva kabisa.
- Fungueni kuku wapekue chini ya miti: wanakula funza.
- Msiwachome sisimizi wekundu wanaoshona majani. Wanasumbua mvunaji, ndiyo, lakini wanamfukuza inzi.
- Msikimbilie kupuliza dawa. Haifiki kwa funza aliye ndani ya tunda, lakini inaua nyuki na sisimizi hao.

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Wewe ukisafisha na jirani akiacha maembe yake yaoze chini, inzi watarudi kwako. Njo maana tunawaomba mpange siku moja ya kuokota, kijiji kizima.

4. Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwetu, matunda yanayoanguka yanakwenda wapi?
2. Nani ana miti lakini hana nguvu ya kuokota? Tutamsaidia namna gani?
3. Tuchague siku gani ya kuokota pamoja?