Mwalimu wa Kidato cha Kwanza cha 2028 Yuko Chuoni Sasa

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu vyuo vikuu vishiriki vya elimu: Chang'ombe na Mkwawa

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mzazi, mjumbe wa bodi ya shule, diwani, na kijana aliyemaliza kidato cha sita ambaye kila anayemuuliza anamwambia, "Ualimu? Usijaribu." Kinaeleza vyuo viwili vinavyoandaa walimu wa sekondari wa Tanzania, kilichobadilika humo miaka ya karibuni, na kwa nini mabadiliko hayo yanamhusu hata mtu ambaye hatakanyaga chuoni maisha yake yote.

Vyuo vyenyewe

Mwaka 2025 vyuo vikuu vishiriki viwili vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilitimiza miaka 20. Cha kwanza ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, ambacho wengi wanakifahamu kwa kifupi chake, DUCE. Kipo Chang'ombe, wilayani Temeke, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa na Uwanja wa Uhuru. Mwanafunzi anayejisomea pale siku ya Simba na Yanga hahitaji redio kujua kwamba bao limeingia. Cha pili ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, au MUCE, mjini Iringa. Kinabeba jina la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyevishinda vikosi vya Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891.

Hakuna kati ya vyuo hivi kilichoanzia porini. Chang'ombe palikuwa na chuo cha ualimu, na Mkwawa ilikuwa sekondari ya juu yenye jina kubwa pamoja na mafunzo ya ualimu. Rais wa awamu ya tano, John Magufuli, alisoma kidato cha tano na sita Mkwawa, akabaki hapo kwa stashahada ya ualimu, kisha akaenda kufundisha Sengerema kabla ya siasa kumchukua.

Neno "kishiriki" huwachanganya wazazi wengi, wakadhani ni chuo cha daraja la pili. Sivyo. Chuo kina uongozi wake, na mkuu wake huitwa Rasi, lakini shahada inayotolewa ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhitimu wa Mkwawa na mhitimu wa kampasi kuu ya Mlimani wanashika cheti cha chuo kikuu kimoja. Katika kila chuo kuna vitivo vitatu: Elimu, Sayansi, na Insia na Sayansi za Jamii. Mwanafunzi wa Shahada ya Sayansi na Elimu husoma masomo mawili atakayofundisha, tuseme Fizikia na Hisabati, huku akisoma saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia na upimaji. Wa Sanaa na Elimu hufanya hivyohivyo kwa Kiswahili, Historia, Jiografia na mengineyo. Kozi huchukua miaka mitatu.

Vilizaliwa kwa dharura

Anayetaka kuelewa mafanikio ya vyuo hivi aanze na mwaka 2004, Serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Watoto walioingizwa darasa la kwanza kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, walikuwa wakija, na sekondari zilikuwa chache. Wananchi wakachangishwa matofali na mchanga, viongozi wakahimizana, na shule za kata zikaota kila mahali. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745. Kufikia 2010 zilikuwa 4,266.

Majengo yalipatikana, ila walimu hawakuwepo. Wenye kumbukumbu hawajasahau walimu wa "voda fasta": vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi, wakakabidhiwa chaki na kupelekwa kufundisha watoto ambao wao wenyewe waliwazidi umri kidogo tu. Jina lile lilikuwa la utani na la uchungu kwa wakati mmoja, na si haki kuwabebesha lawama vijana wale. Waliziba pengo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuliziba.

DUCE na Mkwawa vilianzishwa mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo: kuzalisha walimu wenye shahada kwa wingi na kwa haraka. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi, na vijana wa familia za wakulima wakapata njia ya kuingia vyuo hivyo. Ukikutana leo na mwalimu wa shahada katika shule ya kata iliyo kilomita nyingi kutoka barabara ya lami, uwezekano kwamba alipitia Chang'ombe au Mkwawa ni mkubwa. Kwa maoni ya waandishi wa kijitabu hiki, hilo ndilo fanikio lao la kwanza, na linazidi jengo lolote lililozinduliwa kwa kukata utepe.

Mwalimu anavyotengenezwa

Mwalimu hatengenezwi kwa mihadhara peke yake. Kila mwaka, mihula ikiisha, wanafunzi husambazwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambayo wenyewe huyaita TP. Wanapangiwa shule mikoani, wanabeba godoro na ndoo, wanatafuta chumba cha kupanga, na Jumatatu asubuhi wanaripoti kwa mkuu wa shule.

Chukua mfano wa kijana wa Kemia aliyepangiwa kidato cha tatu. Darasani kuna wanafunzi sabini na maabara ina bureti tatu. Mada ni taitresheni. Usiku ameandaa andalio la somo: umahiri unaolengwa, hatua za ufundishaji, muda wa kila hatua, zana, na namna atakavyojua kama wameelewa. Azimio lake la kazi la muhula mzima tayari limesainiwa na mwalimu wa taaluma. Anagawa darasa katika makundi, anachagua mmoja kwa kila bureti afungue koki taratibu, tone kwa tone, huku wenzake wakikazia macho rangi ya methili oranji isije ikapitiliza. Kundi la nyuma halioni kitu. Mmoja anauliza kwa nini rangi imebadilika ghafla, na kijana anajua jibu lakini hajui alieleze vipi kwa mtoto wa miaka kumi na sita. Kwenye dawati la mwisho ameketi msimamizi kutoka chuoni, fomu mkononi, kimya.

Kipindi kikiisha wanakaa chini ya mti. Msimamizi hamuulizi Kemia. Anamuuliza kwa nini aliuliza maswali saba na yote yakajibiwa na wavulana wawili wa mbele. Anamwonyesha kwamba alilipa darasa mgongo kwa dakika mbili tu za mwanzo, jambo ambalo ni jema, lakini aliandika vitu ambavyo wa nyuma hawakuweza kusoma. Anamuuliza angefanyaje kama bureti ingekuwa moja. Maswali ya namna hii ndiyo yanayomtofautisha mwalimu na mtu aliyefaulu Kemia, na majibu yake hayapatikani kwenye kitabu.

Ndiyo maana mtu akiuliza chuo cha elimu kinaendeleaje, swali la kwanza si kina majengo mangapi. Muulize mwanafunzi wake alitembelewa mara ngapi na msimamizi wakati wa TP, na walizungumza nini baada ya kipindi. Msimamizi anayefika, akasaini fomu na kuondoka kwa gari lilelile kabla vumbi halijatulia hajasimamia chochote, hata kama maksi alizotoa ni nyingi.

Mapya ya miaka hii

Mambo matatu yamevifikia vyuo hivi karibu kwa pamoja.

La kwanza ni fedha za ujenzi. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana kama HEET, ulianza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, unaogawanywa kwa vyuo vikuu vya umma nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na matawi yake ni miongoni mwa wanufaika, na majengo mapya ya kufundishia yamekuwa yakiinuka. Ni habari njema. Ni mkopo pia, na walipa kodi wana haki ya kuuliza maabara iliyojengwa ina vifaa gani ndani na nani anavitumia.

La pili ni utafiti unaotoka nje ya kabati. Kila mwaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huadhimisha Wiki ya Utafiti na Ubunifu, na vyuo vishiriki huonyesha kazi zao. Katika kazi hizo, Hisabati inastahili nafasi kubwa kuliko inayopata. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2024, waliofaulu somo hilo walikuwa kama robo ya watahiniwa. Hakuna taasisi yenye wajibu mkubwa wa kutafuta dawa ya hali hiyo kuliko zile zinazoandaa walimu wa Hisabati.

La tatu ndilo zito. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mitaala mipya ilianza Januari 2024. Sekondari ya chini sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, masomo ya Biashara na ya Historia ya Tanzania na Maadili yameingia, na tahasusi za kidato cha tano zimefika 65.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 atamaliza la sita 2027. Kaka yake aliyekuwa darasa la nne mwaka huo atamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 wote wawili watabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Madarasa yanaweza kujengwa kwa miezi kadhaa, lakini mwalimu wa shahada huchukua miaka mitatu. Kwa hiyo atakayewapokea watoto hao yuko Chang'ombe, Mkwawa au chuo kingine sasa hivi, au amehitimu na yuko nyumbani akisubiri ajira. Nchi haina muda wa kuanza upya, na haitakiwi kurudi kwenye voda fasta.

Kuhusu ajira, bila kuficha

Hapa ndipo wazazi wanapouliza kwa sauti ya chini. Mwanzoni mwa 2025 Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilifanya usaili wa walimu kwa nafasi 14,648. Walioomba walizidi laki mbili. Mwalimu aliyehitimu miaka mingi nyuma alikaa chumba kimoja cha mtihani na aliyehitimu juzi.

Upungufu wa walimu mashuleni na wingi wa walimu mitaani vipo kwa pamoja, na hilo si fumbo. Shule zinahitaji walimu, ila ajira ya Serikali hufuata bajeti ya mishahara na vibali. Tena upungufu hauko sawa kwa masomo yote. Mwenye Fizikia na Hisabati ana nafasi nzuri kuliko mwenye Historia na Jiografia, kwa sababu wa aina hiyo ya pili ni wengi. Chuo hakimwajiri mtu, lakini kina wajibu wa kumwambia anayeomba ukweli huu kabla hajajaza fomu.

Kwa anayetaka kuomba

Sifa ya chini kwa anayetoka kidato cha sita ni alama za ufaulu wa kiwango cha juu katika masomo mawili zenye jumla ya pointi nne, na kwa ualimu masomo hayo yawe yanafundishwa sekondari. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni kwa njia ya mtandao, utaratibu uliopo tangu 2017. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Usome wewe mwenyewe, usisimuliwe. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Wapo wanaopoteza nafasi kwa kudhani kukaa kimya ni kukubali. Hakuna mtu wa kati anayeuza nafasi. Anayekuambia umtumie pesa kwa simu ili "akuunganishe" ni tapeli, hata kama anawajua wafanyakazi wa chuo kwa majina.

Mkopo wa Bodi huombwa peke yake, mbali na udahili, na hurejeshwa. Ukishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa hadi deni liishe. Mzazi na kijana wazungumze jambo hilo mapema mezani, siyo siku ya mshahara wa kwanza.

Kwa kata inayowapokea

Wanafunzi wa TP wakija, shule za kata yako zitapokea vijana wawili au watatu wasiomjua mtu. Mwenyekiti wa mtaa, wasaidie wapate chumba kwa bei ya haki, maana wapo wenye nyumba wanaopandisha kodi wakisikia "wa chuo kikuu". Mkuu wa shule, mpe kijana mwalimu mzoefu wa somo lake wa kukaa naye, usimwachie vipindi vyote huku wenye vipindi wakienda zao mjini. Mzazi, muulize mwanao leo mwalimu mgeni kafundisha nini, na usikie akieleza. Kama hakuelewa, mwambie kesho akaulize darasani: mwalimu huyo amekuja kujifunza kujibu.